Mapipa Saba Uani kwa Bi Tatu

Masheikh wetu, wazee, ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, assalaam aleikum, na kwa wenzetu wa imani nyingine, poleni na safari. Mimi ni Ashrafu Yahya, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, na wanaonijua wanajua kuwa mimi si mtu wa maneno laini, kwa hiyo mnivumilie, nitasoma kama nilivyoandika.

Kwanza tunaomba radhi kwa usumbufu. Jana usiku tuliwatangazia kuwa msiba uko kwangu Mapinga na maziko yatatokea kule, leo asubuhi tukawapigia tena simu mje hapa Bagamoyo, nyumbani kwa marehemu mwenyewe, wapo waliopanda gari mara mbili, wapo waliotununia, na wana haki ya kununa. Sababu ipo, nitaisoma ikifika mahali pake, ila mjue tangu sasa kwamba marehemu aliomba jambo moja tu alipokuwa kitandani, jeneza lake litoke katika mlango wake mwenyewe, si wa mdogo wake, si wa jirani, na mpaka jana usiku sisi ndugu zake tulikuwa hatuna uwezo wa kumpa.

Marehemu Tatu binti Yahya Mwinyimkuu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Saadani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Yahya Mwinyimkuu, aliyekuwa mfanyakazi wa mashamba ya chumvi, na Bi Habiba Mkadamu, wote wametangulia mbele ya haki. Tangu udogo alikuwa mtu wa kushika alichoambiwa mpaka anakera, mama akimweka alinde dagaa walioanikwa basi hata sisi ndugu zake haturuhusiwi kuonja mmoja, tukimbembeleza anatutolea macho, tukiiba anatusema, na bakora tulizokula kwa ajili yake, Mwenyezi Mungu amsamehe, ni nyingi.

Alisoma Shule ya Msingi hapo hapo Saadani kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akafaulu, akajiunga na masomo ya sekondari mwaka 1983 na kumaliza mwaka 1986, akiwa msichana wa pili kutoka kijijini kwetu kufika kidato cha nne. Baadaye alikwenda Dodoma kwa kozi ya utumishi wa serikali za mitaa, akarudi mwaka 1990 na cheti chake na baridi ya kifua iliyomsumbua hadi uzeeni.

Aliajiriwa tarehe 2 Mei 1991 kuwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, akatumikia vijiji vitatu vya ukanda huu wa pwani, na mwaka 2006 akapandishwa kuwa Afisa Mtendaji wa Kata ya Mwambakuni, ambako alikaa hadi alipostaafu. Kazi ile mnaijua, ukikusanya ushuru unachukiwa, usipoukusanya unafokewa, mtu akigombana na mkewe anakuja kwako, mbuzi akila mchicha wa jirani wanakuja kwako, na marehemu aliwapokea wote kwa salamu kamili, hujambo, watoto hawajambo, na nyumbani je, hata mtu aliyekuja na panga mkononi ilibidi aliweke chini kwanza amalize kuitikia.

Tarehe 19 Juni 1993 alifunga ndoa na marehemu Khamis Mrisho, fundi cherehani, aliyemfahamu alipokwenda kushonesha sare za mgambo, na wakajaaliwa watoto wawili, Bilali, aliyezaliwa mwaka 1994, ambaye ndiye mnayemwona amekaa hapa mbele, na Adila, aliyezaliwa mwaka 1996, yuko ndani na kina mama. Nyumba hii tuliyokaa kivulini mwake waliijenga wenyewe, chumba baada ya chumba, wakahamia mwaka 2002, na shemeji Khamis alifia humu humu, akaoshwa humu, akatolewa kwa mlango huu mwaka 2011, ndiyo maana dada naye aliutaka.

Sasa nakuja kwenye mapipa, maana historia ya Bi Tatu bila mapipa ni uongo, na mimi sikuja kusoma uongo mbele ya maiti.

Mwezi Septemba 2015 vijana wawili wa kata yake walikufa baada ya kunywa gongo kwenye ngoma ya arusi, marehemu alikwenda kwenye maziko yote mawili, na tangu hapo akawa hana simile na vilabu. Mwezi uliofuata alikamata tembo la mnazi kwenye kilabu kisicho na kibali, akalimwaga palepale mchangani, watu wakapiga makofi, wazee wakamwombea dua, kumbe jamani, hakuna sheria iliyomruhusu kumwaga. Kukamata, ndiyo, kumwaga, hapana, mwenye kilabu akaenda mahakamani, akashinda, na dada yangu akapewa barua ya onyo katika mwaka wake wa ishirini na tano wa utumishi. Tangu siku hiyo agizo likawa kamata, funga, tunza, usimwage, subiri, sheria ndogo ya kutaifisha pombe inaandaliwa.

Tarehe 11 Agosti 2017 yeye na mgambo wake walikamata mapipa saba ya bluu, yamejaa tembo, kwenye kilabu cha bwana mmoja ambaye baada ya hapo alihamia Tanga na hajaonekana tena. Ofisi ya kata haikuwa na stoo, kituoni kumejaa pikipiki za kesi, basi marehemu akaambiwa ayaweke kwake uani, wiki mbili tu, rasimu iko ukingoni kukamilika. Yalizibwa midomo kwa vitambaa, kwa kuwa tembo bichi ukilikaza kwa kifuniko linapasua pipa, juu ya vitambaa zikabandikwa karatasi za muhuri, na akaelezwa kwamba muhuri ule haruhusiwi kuugusa mtu yeyote, hata yeye mtunzaji, mpaka sheria itakaposema nani afungue.

Wiki mbili! Ngoja niwasomee wiki mbili hizo. Mwaka 2017 kamati ya halmashauri ilikaa ikashindwa kuelewana maana ya neno pombe, je, tembo tamu la asubuhi wanalotilia kina mama kwenye unga wa vitumbua nalo ni pombe, au linakuwa pombe saa ngapi, wakanywa chai, wakaahirisha. Mwaka 2018 mwanasheria aliyekuwa akiandika akahamishwa, akaenda na kompyuta yake. Mwaka 2019 rasimu ikapanda huko juu, ikarudi, kwa kuwa imeandikwa kwa lugha moja na inatakiwa mbili. Mwaka 2020 uchaguzi, baraza likavunjwa. Mwaka 2021 madiwani wapya wakasema hawawezi kupitisha kitu wasichokianzisha wao, wakaanza upya kwenye maana ya neno pombe. Mwaka 2022 ikabandikwa ubaoni wananchi watoe maoni, wananchi hawakutoa, ikaonekana haiwezekani kuendelea bila maoni, marehemu akatoa maoni yake, akajibiwa kuwa yeye ni mtumishi si mwananchi. Mwaka 2023 ilikwenda kutiwa saini, ikarudi, ukurasa wa adhabu haumo. Mwaka jana wakautafuta ukurasa, na mwaka huu baraza limevunjwa tena. Bwana mwanasheria wa sasa amekuja msibani, nimemwona ameketi kule nyuma karibu na sufuria, tunamshukuru kwa kufika, yeye angalau amefika, rasimu yake bado.

Na nyie mnaocheka, chekeni, ila sikilizeni yaliyompata mwenye nyumba.

Mapipa yalianza kutoa harufu mwezi ule ule wa kwanza. Nyumba ya mjane anayeswali, anayefunga Jumatatu na Alhamisi, ikawa ukipita njiani unaambiwa hiyo ndiyo nyumba ya tembo. Khitma ya kina mama iliyokuwa ikisomwa kwake kila Alhamisi ikahamia nyumba nyingine, hakuambiwa, alitandika mikeka akapika kahawa akakaa peke yake mpaka magharibi. Mwezi wa Ramadhani akipeleka bakuli la futari kwa jirani, bakuli linarudi limeoshwa vizuri na shukrani tele, na muhogo wake anaukuta kwenye zizi la mbuzi. Yakatoka maneno kwamba malaika hawakanyagi pale, yakaja mengine kwamba anauza kidogo kidogo usiku, astaghfirullah, mtu ambaye hajapata kuonja hata dawa ya kikohozi bila kuuliza imetiwa nini. Nyumba moja tu haikukata mguu, ya Mzee Fidahussein mwenye duka la kona na mkewe Bi Ezmina, na huyu mama alikula kwa marehemu kila Ijumaa mbele ya watu, mlango wazi, akiwa na makusudi mazima ya kuonekana.

Tarehe 5 Desemba 2021 walikuja washenga kumposa Adila. Sitawataja, baadhi yao wapo hapa, karibuni. Marehemu alikuwa ameosha ua tangu alfajiri, amefukiza udi mpaka tunakohoa, amefunika mapipa kwa makuti, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, salamu zimeshapelekwa na kuitikiwa, sharubati imeshamiminwa, ndipo upepo ukageuka ukaingia kwa mlango wa uani. Mkubwa wao akaiweka chini bilauri yake bila kuinywa. Hawakusema neno baya, watu wa adabu, waliaga, wakasema watatuma jibu, na jibu lilikuja baada ya siku chache, kwamba kijana bado anasoma. Adila alihamia Dar es Salaam mwezi uliofuata, akawa akimpigia mama yake simu kila siku na kuja hapa mara moja moja, na marehemu hakuwahi kumlaumu yeyote, alikuwa akisema tu kuwa sheria ikitoka atafungua milango yote miwili upepo upite.

Watu mnaniuliza, na mimi mkiniuliza nawaka, kwa nini hakuyamwaga. Nilimwambia mwenyewe, dada nipe siku moja tu, wewe nenda Saadani kasalimie makaburi, ukirudi utakuta ua mweupe. Alinijibu kwamba yeye alishamwaga bila sheria mara moja, hatarudia, na kwamba alipewa kitu atunze, basi anatunza. Alipostaafu kwa hiari tarehe 1 Aprili 2023, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, alikabidhi ofisi, muhuri, bendera na viti vya plastiki, aliyempokea akatia saini kila kitu isipokuwa mapipa, akasema hakuna kifungu kinachosema nani ayapokee, na kwa kweli hakikuwepo. Basi wenzake walistaafu na mafao, dada yangu alistaafu na mafao na mapipa saba ya tembo.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alikuwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2018, na tarehe 22 Februari 2024 alipata kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto, akawa wa kukalishwa na kulazwa, akiuguzwa na Adila, aliyeacha kazi akarudi, na Bi Ezmina. Mwezi Juni mwaka huu figo zikaanza kushindwa, akalazwa Dar es Salaam, na huko, wiki iliyopita, ndipo alipotoa lile ombi la mlango. Mimi nilijibu ndiyo, na yeye akaniangalia kwa jicho lile la dagaa, akaniuliza, na mapipa je. Alifariki dunia jioni ya Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, siku moja baada ya mapipa kutimiza miaka minane uani kwake.

Jana usiku, tulipomleta kwangu Mapinga, ukoo ulikaa kikao. Baba yetu mdogo, Mzee Abdala, akasema wazi kuwa maiti ya Kiislamu haioshwi uani penye tembo, haiswaliwi mlangoni penye tembo, na huo ndio mwisho. Nikasema tutayabeba usiku huu tukayaweke kwenye geti la wakubwa, tukampigia simu bwana mwanasheria, akatujibu kwa upole kabisa kuwa tukiyasogeza hata hatua moja familia nzima itashtakiwa kwa kuharibu kielelezo. Adila akalia kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena, anasema mama yangu anafukuzwa kwake hata akiwa maiti. Hapo ndipo tukawatangazia msiba upo Mapinga.

Ni Sheikh Yahya, imamu wetu aliyekuwa kikaoni, aliyeuliza swali ambalo hatukuwa tumeuliza miaka yote minane, ndani yake kuna nini. Tukamwambia Sheikh, tembo. Akasema, nani ameangalia. Hakuna aliyewahi kuangalia, marehemu kwa sababu ya muhuri, na sisi wengine kwa sababu tulijua.

Leo baada ya alfajiri tulikuja hapa, mimi, Sheikh, Mzee Abdala, shangazi yetu Bi Ashatu aliyeshikwa mkono kwa uzee wake, na Bi Ezmina kutoka ng'ambo ya njia. Karatasi za muhuri zilikuwa zimeoza, kitambaa cha pipa la kwanza nilikitoa mimi, bwana mwanasheria, kwa mkono huu hapa, andika. Pipa lilikuwa limepungua chini ya nusu, maji yake ya rangi ya chai, juu yamefanya utando, na kabla sijainama vizuri Bi Ashatu akasema, we Ashrafu, hiyo si ndiyo siki hiyo. Sheikh akachovya kidole akaonja. Bi Ezmina akaonja, yeye anayetengeneza achari mwaka mzima, akakaa chini kwenye mchanga akafunika uso kwa ushungi. Tukafungua la pili, la tatu, mpaka la saba. Siki, ndugu zangu. Siki tupu, siki kali, siki ya kutia kwenye kachumbari, na Sheikh akatamka pale pale kuwa tembo lililogeuka siki lenyewe ni twahara, halina neno, ua huu ni safi kama ua wowote wa Mwislamu.

Lo! Hakuna mtoto wa pwani hii asiyejua kuwa tembo ukiliacha linakuwa siki, mama zetu walikuwa wanaliacha kwa makusudi, na halichukui miaka, linachukua wiki chache. Maana yake Alhamisi zile alizotandika mikeka peke yake, ua ulikuwa safi. Muhogo uliopewa mbuzi, ulipikwa kwenye nyumba safi. Siku ya washenga, upepo ulileta harufu ya siki, harufu ambayo iko kwenye kila jiko la Bagamoyo, ila pua zetu zilikuwa zimeshaambiwa ni tembo. Na yeye mwenyewe amekufa hajui. Hilo ndilo linaloniuma, wallahi, sina namna nzuri ya kulisema, dada yangu amekufa akidhani analala na haramu uani kwake, na hapakuwa na haramu.

Basi tukamrudisha. Ameoshwa uani kwake, kando ya mapipa, na yupo ndani chumbani kwake sasa hivi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bagamoyo na wa Dar es Salaam waliomhangaikia, watumishi wenzake wa kata, mgambo wake wa zamani waliochimba kaburi asubuhi hii bila kuombwa, majirani wote waliokuja, na kwa namna ya pekee Mzee Fidahussein na Bi Ezmina, ambao hatuna cha kuwalipa, Mungu awalipe. Bwana mwanasheria, mapipa yapo pale pale, hatujayasogeza, baada ya maziko nitakuwa hapa barazani ukinihitaji. Na yeyote anayemdai marehemu chochote asizungushe maneno, aje kwangu au kwa Bilali.

Sasa, kabla hatujamwinua, Sheikh ameniruhusu niulize mimi lile swali la desturi, mnamshuhudia vipi Bi Tatu binti Yahya. Nitauliza mara tatu kama ada. Msinijibu kwa kunong'ona, kina mama walio ndani nao wajibu, Adila yuko dirishani anawasikiliza mmoja mmoja, na kwa miaka minane mmemshuhudia kwa pua, leo mshuhudieni kwa midomo.

Mwenyezi Mungu akupokee. Pumzika kwa amani, dada, nyumba yako ilikuwa safi.